Mshindi Aliyebaki Kungoja

Masomo: 1 Samweli 30:9–25 na 1 Wakorintho 11:17–34

Twawasalimu nyote katika jina la Bwana wetu, mlioko Likoni mkingoja feri, mlioko Ukunda na Diani mkijiandaa kwenda kazini, mlioko Msambweni, Ramisi na Lunga Lunga, na ninyi ndugu zetu wa Kinango ambao twajua redio yenu ni ya betri, na betri ni ghali. Hatutawachosha.

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya theluji. Naam, theluji. Twajua wako waliocheka, kwa maana hapa kwetu bati la nyumba huunguza mkono kabla ya saa tano asubuhi. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya ukwaju ambayo watoto huuza katika vifuko vya nailoni, au yale mabonge ambayo wachuuzi wa Gazi na Shimoni huwekea samaki wasije wakaoza kabla ya kufika sokoni. Theluji ni neno la Biblia. Twalikuta kwa nabii Isaya, katika sura ya kwanza, pale dhambi nyekundu zinapoahidiwa weupe. Twalikuta tena kwa Benaya mwana wa Yehoyada, shujaa wa Daudi, aliyeshuka shimoni siku ya theluji akamwua simba. Wako wahubiri wa pwani waliolihubiri neno hilo maisha yao yote bila kulishika mkononi, na mahubiri yao yalikuwa mazuri.

Lakini theluji na kanisa letu la pwani ni jamaa wa zamani. Johannes Rebmann, mwenzake Krapf katika kazi ya Injili pale Rabai, alisafiri mpaka nchi ya Wachagga, na tarehe 11 Mei 1848 akakiona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Alimwuliza mwongozi wake, mtu wa pwani, kile cheupe ni kitu gani. Yule hakuwa na jina la kukiita. Alisema tu kwamba ni baridi. Rebmann akaandika habari hiyo Ulaya, ya kwamba karibu na ikweta kuna mlima wenye theluji, na huko London mabingwa wa jiografia, ambao Afrika waliijua kwa vitabu, wakambishia na kumdhihaki kwa miaka. Twalitaja jambo hili kwa sababu dhihaka ya namna hiyo tutakutana nayo tena kabla hatujaachana.

Basi tuje kwenye kisa chenyewe. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ya Marekani, ile ya viatu vya michezo, iliwachukua wakimbiaji wawili wa Kenya, Philip Boit na Henry Bitok, ikawapeleka Ufini, nchi ya kaskazini kabisa ya Ulaya, wakajifunze kuteleza kwenye theluji. Boit alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati, kijana wa upande wa Eldoret, wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyetuletea nishani ya shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972. Theluji hakuwa ameiona maishani mwake. Wazo la kampuni lilikuwa hili: Wakenya wana mapafu na miguu isiyochoka, je, wakifungwa mbao miguuni hawataweza huko pia? Kwa maoni yetu kampuni ilitafuta tangazo zaidi ya ilivyomtafuta mwanamichezo. Lakini hilo tuliache. Mungu amewahi kumtumia hata punda wa Balaamu.

Kwa faida ya wasioujua mchezo huo, haukuwa ule wa kuporomoka mlimani ambao pengine mmeuona kwenye televisheni. Huu ni wa masafa marefu. Mchezaji hufunga kila mguu kwenye ubao mwembamba, mrefu kupita kimo chake, hushika fimbo mbili, kisha huusukuma mwili wake kwa mikono na miguu, akipanda na kushuka vilima, kilomita baada ya kilomita. Aliyezoea tangu utotoni huenda kama ngalawa iliyopata upepo wa kusi. Asiyezoea huenda kama mtu anayetembea juu ya mwamba wenye mwani wakati wa maji kupwa, nanyi wa Mkwiro na Kibuyuni mwajua safari hiyo huishia wapi.

Tarehe 12 Februari 1998, kule Nagano katika nchi ya Japani, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, Boit aliingia katika mbio za kilomita 10. Kilomita 10 hazifiki nusu ya njia ya kutoka Ukunda hadi Msambweni. Kwa miguu yake mwenyewe, juu ya udongo, mtu kama yeye angezimaliza huku akizungumza na mwenzake. Siku ile hakuwa na mwenzake. Bitok hakuwamo mbioni, na timu nzima ya Kenya katika michezo ile ilikuwa mtu mmoja. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Theluji ilikuwa imelowa maji, nzito. Boit aliteleza, akaanguka, akainuka, akaendelea. Alikuwa na miaka miwili tu tangu afunge mbao hizo kwa mara ya kwanza.

Aliyeshinda ni Bjørn Dæhlie wa Norwei, kwa dakika 27 na sekunde 24. Huyo alikuwa mfalme wa mchezo wake. Dhahabu ya siku ile ilikuwa ya sita kwake katika Olimpiki, na kabla ya kuondoka Nagano aliongeza mbili zikawa nane. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25. Alikuwa wa 92, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Ni dakika 20, wasikilizaji. Hebu tuzipime dakika hizo. Ni muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Ni muda wa ibada ya asubuhi ya nyumbani, wimbo na sala pamoja. Mtu aliyeshinda amelowa jasho, na sasa amesimama, na baridi yaanza kumwingia mwilini. Wapiga picha wamwita. Sherehe ya washindi imeandaliwa, na wenye kuandaa mashindano wataka ianze, kwa maana nao wana ratiba yao na televisheni zao. Dæhlie hakukubali kuondoka. Bado kulikuwa na mtu njiani.

Boit alipotokeza, umati ulianza kumshangilia. Akasukuma fimbo zake mpaka akauvuka mstari, na pale akajikuta mikononi mwa mtu aliyemshinda kwa dakika 20. Walikumbatiana, na dunia nzima ikaona. Baadaye Boit alipojaliwa mtoto wa kiume alimpa jina Dæhlie. Mtoto wa Kikalenjini mwenye jina la Norwei! Sisi watu wa pwani twaelewa uzito wake, kwa maana kwetu jina la mtoto haliokotwi njiani. Mdigo au Mduruma humpa mtoto jina la babu yake, ili babu aendelee kuitwa uani hata baada ya kuzikwa. Boit alimpa mwanawe jina la mtu aliyemngoja.

Sasa wako waliocheka, kama walivyomcheka Rebmann. Walisema: nchi ya mabingwa, nchi ya Kipchoge Keino, yampeleka mtu ng'ambo akawe wa mwisho! Fedha na ziende kwa wanaoshinda. Maneno hayo hayakusemwa juu ya Kenya tu. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1988, vijana wa Jamaika, kisiwa cha jua na minazi kama hapa kwetu, walikwenda Calgary, Kanada, kushindana katika kigari cha kuteleza kwenye mfereji wa barafu. Kigari kikapinduka, vichwa vyao vikakwaruza ukutani. Walitoka ndani, wakatembea kando yake mpaka mwisho wa njia, nao watu wakawapigia makofi. Hata wao walikuwa wamechekwa kabla ya kufika.

Kuna kisa kimoja katika Biblia ambacho twadhani hakihubiriwi vya kutosha. Kila mtoto wa Shule ya Jumapili amjua Goliathi; ni wangapi wakijuao kijito cha Besori? Fungueni 1 Samweli 30. Daudi na watu wake 600 warudi Siklagi, wakauta mji umechomwa moto na Waamaleki, wake na watoto wamechukuliwa mateka. Wakalia mpaka nguvu za kulia zikawaishia. Kisha wakawafuatia adui. Walipofika Besori, watu 200 walikuwa wamechoka kabisa, hawakuweza kuvuka. Wakabaki pale pamoja na mizigo. Wale 400 wakaendelea, wakapigana, wakaokoa wote na vyote, wakarudi na nyara nyingi.

Hapo ndipo wengine miongoni mwa wale 400 walipotoa shauri lao. Hawakusema wachovu wale wauawe, wala wafukuzwe. Walisema tu kwamba kila mmoja apewe mkewe na watoto wake, kisha aende zake; mali isigawanywe kwao. Sikieni jinsi shauri lile lilivyo na adabu! Ni shauri la kikao, lingeweza kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano na katibu akatia sahihi. Biblia yawaita watu waovu. Daudi alikataa, akaamuru kwamba fungu la aliyeshuka vitani na la aliyekaa penye mizigo liwe moja, na jambo hilo likawa sheria katika Israeli. Tena kuna neno dogo pale katika mstari wa 21 ambalo msomaji wa haraka hulipita. Kabla ya habari za kugawanya, Daudi aliwakaribia wale 200 akawasalimu. Mshindi ndiye aliyetangulia kutoa salamu.

Miaka mingi baadaye Mtume Paulo alikutana na jambo kama hilo Korintho. Wenye nafasi walifika mapema penye chakula cha Bwana, wakala, wakanywa, wakashiba. Maskini na watumwa walifika jioni, kwa kuwa mtumwa hana saa yake mwenyewe, wakakuta sahani tupu. Dawa aliyoitoa Paulo, baada ya maneno yake yote makali, ni tendo moja: kungojana. Kule Diani twawajua ndugu wanaofanya kazi za zamu katika hoteli, wapishi, wasafisha vyumba, walinzi wa usiku. Jumapili kwao ni siku ya kazi kuliko zote. Wakitoka zamu huja kanisani mbio, nguo za kazi ndani ya mfuko, na siku ya chakula cha pamoja mara nyingi hukuta sufuria zimekwisha oshwa. Hakuna aliyewachukia. Watu walishiba tu, wakaenda nyumbani.

Twaona mambo hayo hayo katika mashindano ya kwaya. Kwaya kubwa za mjini huimba, hupata kombe, hupanda basi. Kwaya ya mwisho, pengine watu tisa kutoka ndani kabisa huko bara, waliotembea alfajiri mpaka barabara kuu, huimba mbele ya viti vitupu na mwamuzi anayetazama saa yake. Na shuleni je? Wazazi wengi wa Kwale wameambiwa kwamba mtoto wao arudie darasa, au atafutiwe shule nyingine, si kwa faida ya mtoto, ila alama zake zisije zikashusha jina la shule. Mtoto wa miaka kumi na mitatu afundishwa kwamba yeye ni mzigo.

Najua, atasema mmoja wenu huko Msambweni, Mchungaji, mwatuambia tusifu kushindwa. Sivyo kabisa. Tazameni tena kisa cha Nagano. Dæhlie hakupunguza mwendo ili amngoje Boit njiani. Alikwenda kwa nguvu zake zote, akashinda, akachukua dhahabu, nayo ilikuwa haki yake. Hakuna aliyempa Boit nishani kwa kumhurumia. Saa haikusimamishwa, wala haikuandikwa kwamba alikuwa wa kumi. Tena Boit mwenyewe hakuomba hilo. Alirudi nyumbani ambako theluji haipo, akafanya mazoezi kwa mbao zenye magurudumu, akashindana tena katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 na ya Turin mwaka 2006. Kampuni iliyompeleka Ufini ilikuwa imekwisha kuondoka, yeye alibaki. Mwaka 2010 hakupata nafasi ya Olimpiki, kwa kuwa kuna viwango vya kufikia, na viwango havikulegezwa. Mwaka 2011, akikaribia miaka 40, alikuwa bado yumo katika mashindano ya dunia, kule Oslo, mji mkuu wa nchi ya Dæhlie. Mtu wa namna hiyo msimwite mvivu. Mwalimu wa kipaimara anaweza kumngoja mama asiyejua kusoma bila kumwondolea Amri Kumi hata moja.

Wala msidhani habari za theluji ni za watu wa Bonde la Ufa peke yao. Miezi miwili baada ya Nagano, mwezi wa Aprili 1998, mtoto wa kike alizaliwa Kilifi, ng'ambo ile ya Mombasa, pwani yetu hii hii. Jina lake ni Sabrina Wanjiku Simader. Akiwa na umri wa miaka mitatu alihamia Austria pamoja na mama yake, na baba yake wa kambo akamtia katika mchezo wa theluji, ule wa kuporomoka mlimani kwa kasi. Alipokua angeweza kukaa kimya na kuteleza kwa ajili ya kujifurahisha. Yeye alichagua kuvaa rangi za Kenya. Mwaka 2016 alituwakilisha katika Olimpiki ya vijana kule Lillehammer, na mwezi wa Februari 2018, huko Pyeongchang, Korea Kusini, aliibeba bendera yetu uwanjani. Timu nzima ilikuwa yeye, kama ilivyokuwa kwa Boit miaka 20 kabla yake. Katika mbio mojawapo, ile iitwayo Super-G, alikuwa wa 38 kati ya wanawake bora wa dunia. Mtoto wa Kilifi!

Mapema mwaka 2025, akiwa na miaka 26 tu, alitangaza kwamba anaacha mashindano, na miongoni mwa sababu alitaja kukosa msaada wa kutosha kutoka nyumbani. Hatutaki kuhukumu ofisi ya mtu. Hesabu zao hatujaziona, na mchezo huo ni wa gharama kubwa. Twasema neno moja tu. Bendera ni nyepesi kumpa mtu. Nauli, mwalimu, mbao za kutelezea na daktari wa goti ndivyo vizito. Siku ya bendera twashangilia sote, kisha mtu apanda mlima wake peke yake, na akichelewa kufika twamwuliza kwa nini.

Sasa turudi Ukunda, kwa kuwa huku ndiko tulikokuwa tukija tangu mwanzo.

Mwawajua vijana wetu waitwao mateja. Jina lenyewe lina dharau. Ni watoto wa nyumba zetu, wa Waislamu na wa Wakristo, walioonja unga wakafungwa nao. Wengine walikuwa waimbaji, wengine mafundi wa mashua, mmoja twamkumbuka alikuwa golikipa ambaye mpira haukumpita. Leo wako vichochoroni, na mama zao wameficha sufuria na redio zisiuzwe. Wachache, kwa neema ya Mungu na kwa kazi ya wauguzi, wameanza kutibiwa kwa dawa iitwayo methadoni. Msikilizaji, dawa hiyo haichukuliwi chupa ya mwezi mzima ukaenda nayo nyumbani. Hunywewa kila siku mbele ya muuguzi, leo, kesho, kesho kutwa, mvua ya masika au jua, wenye nauli na wasio na nauli. Mtu hupona polepole mno, na wengi huanguka njiani. Huanguka, huinuka, kama mtu aliyefungwa mbao miguuni kwenye theluji.

Nasi twajua jinsi makanisa yafanyavyo. Mwezi wa kwanza kijana hupewa kiti cha mbele. Huitwa kutoa ushuhuda, watu hupiga vigelegele, hupewa shati na Biblia. Mwezi wa tatu aanguka, aonekana tena kichochoroni, na lile shati limeuzwa. Mwezi wa sita arudi kanisani, akaa nyuma karibu na mlango. Hapo hapana vigelegele. Akina mama huvuta mikoba yao karibu. Sherehe ilikwisha kufanyika, ilifanyika mwezi wa kwanza, na kanisa limekwisha panda basi.

Twamjua mzee mmoja wa kanisa, fundi cherehani hapo Ukunda, ambaye jina lake hatutalitaja kwa kuwa hatatusamehe. Ana mpwa wake katika hali hiyo. Kila siku, kabla ya kufungua duka, humchukua kijana wakapanda matatu pamoja kwenda kwenye dawa. Mzee haingii ndani. Huketi kwenye benchi nje, mikono juu ya magoti, kofia pembeni, mpaka kijana atoke. Wakati mwingine ni nusu saa, wakati mwingine zaidi, kwa maana foleni ni ndefu. Wateja wake wa suruali hulalamika kwamba duka lafunguliwa kwa kuchelewa, na wawili watatu wamekwenda kwa fundi mwingine. Mara ya kwanza kijana alidumu wiki tisa, akaanguka. Mara ya pili alidumu miezi minne. Sasa ni mara ya tatu.

Tulimwuliza, “Mzee, utangoja mpaka lini?”

Akatutazama kana kwamba swali halikuwa na maana. Akasema, “Mchungaji, mimi nimekwisha fika. Ni yeye ambaye bado yuko njiani. Sasa mimi niende wapi?”

Ndugu zetu, tuombe.

Bwana, uliyewangojea wanafunzi kando ya bahari na moto wa makaa umekwisha kuuwasha, twakuomba kwa ajili ya wote ambao bado wako njiani asubuhi hii. Kwa ajili ya watoto watakaoingia darasani leo wakijua wao ni wa mwisho. Kwa ajili ya ndugu zetu watokao zamu ya usiku kule Diani. Kwa ajili ya wanaosimama kwenye foleni ya dawa, na kwa ajili ya wanaoketi nje kwenye benchi. Wape chai ya moto, Bwana, na nauli ya kurudia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.